ATV inapiga stata vizuri tu lakini haiwaki, kabla sijanunua CDI naomba ushauri

tope_mpaka_magotini

Wakuu habari zenu. Nina ATV (pikipiki ya magurudumu manne) ya cc 250, silinda moja, stroki nne, ya kabureta, inapozwa na hewa, gia za mguu. Shida ni kwamba nikibonyeza stata injini inazunguka vizuri kabisa, tena haraka, ila haiwaki. Haijaribu hata kuwaka, mara moja moja tu inafanya kama "pff" kwenye kabureta alafu basi.

Historia yake ni kwamba ilianza taratibu, asubuhi ikawa ngumu kuwaka mpaka uvute choki na kubembeleza, ikishapata moto inatembea bila shida yoyote na nguvu iko. Baadae ikawa hata kwa choki haitaki mpaka ivutwe kwa kamba na gari ndo inawaka. Nikaipumzisha muda sababu ya majukumu, sasa nimerudi haiwaki hata kwa kuvutwa.

Nimeshabadili plagi, nimefungua kabureta nikaosha jeti zote mbili na kupuliza, nimemwaga petroli ya zamani nimeweka mpya, betri imechajiwa imejaa. Jamaa mmoja anasema hiyo ni CDI (kile kiboksi cha umeme kinachoamrisha cheche ya plagi) imekufa ninunue tu nyingine, ila roho inasita kununua kitu bila kupima. Nianzie wapi?

volti_kumi_na_mbili

Pole mkuu. Usinunue CDI kwanza. Kifaa hicho kinanunuliwa sana bila kosa, mtu anafunga mpya gari haiwaki anaishia na CDI mbili nzima na ATV iliyolala.

Anza na moto wa plagi. Chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ishikishe vizuri kwenye chuma cha injini sehemu isiyo na rangi, iwe MBALI na tundu la plagi maana pale linatoka mvuke wa petroli, alafu piga stata uangalie kwenye kivuli. Hakikisha imegusa bodi kweli, ukiiacha inaning'inia huku unapiga stata umeme unakosa pa kwenda na hapo ndo CDI inaweza kuungua kweli. Unataka cheche ya bluu inayolia tik tik tik. Ikiwa ya rangi ya chungwa nyembamba, au inatoka inakata, tuambie.

Kama hakuna cheche kabisa angalia vitu vidogo kwanza: swichi ya kuzima kwenye usukani, ile kamba ya usalama kama ipo, fyuzi, soketi ya CDI kama ina kutu. Kwenye CDI nyingi zinazolishwa na koili ya steta (ile ya kwenye magneti inayozalisha umeme), swichi ya kuzima kazi yake ni kupeleka waya mmoja kwenye bodi, kwaiyo waya ule ukichubuka popote ukagusa chesisi ni sawa na umeizima injini muda wote. Chomoa ule waya ujaribu tena.

Na pima betri WAKATI stata inazunguka, sio ikiwa imetulia. Ikiwa imetulia inaweza kusoma 12.6 au zaidi hata ikiwa dhaifu. Stata ikizunguka isishuke chini ya volti 10 hivi. Zile CDI zinazolishwa na betri moja kwa moja voltage ikishuka sana stata inazunguka lakini cheche haitoki.

mzee_wa_spana

Nakubaliana na aliyetangulia, ila mimi nina swali moja kabla ya yote. Ukishapiga stata muda kidogo ukachomoa plagi, inatoka imelowa petroli au kavu? Hilo jibu tu linapunguza kazi nusu. Kavu maana yake mafuta hayafiki ndani. Imelowa maana yake mafuta yanafika ila hayaungui, hapo tunatafuta cheche, au kompresheni (mbano wa pistoni), au cheche inayokuja wakati sio wake.

Na usipige stata mfululizo mdogo wangu, sekunde tano sita alafu iache ipoe, motor ya stata inachemka haraka kuliko unavyodhani.

tope_mpaka_magotini

Asanteni sana wakuu. Nimefanya yote mawili.

Cheche ipo, bluu, inalia vizuri, haikati. Betri ikiwa inazunguka stata inasoma 10.9. Kwaiyo CDI nadhani tuiache.

Plagi mzee wangu inatoka KAVU. Harufu ya petroli kwa mbali tu. Ila kabureta nimeisafisha mwenyewe na tanki limejaa sasa nashangaa.

jeti_ndogo

Plagi kavu na cheche nzuri hiyo ni mafuta moja kwa moja. Fungua ile skrubu ya chini ya bakuli la kabureta uone kama petroli inatoka, weka chombo chini usimwage kwenye injini. Ikitoka kidogo ikakata, mafuta hayashuki kutoka kwenye tanki. Ikitoka nyingi na haikati, mafuta yako kwenye kabureta ila hayapandi, hapo jeti ndogo haijafunguka hata kama unaona imefunguka. Kile kitundu ni chembamba sana, petroli ikikauka inaacha gundi ambayo kupuliza kwa mdomo haitoki, inatakiwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa, alafu ishike juu ya mwanga uone duara safi kabisa.

Pia angalia kifuniko cha tanki, kitundu chake cha hewa kikiziba tanki linavuta utupu mafuta yanagoma. Fungua kifuniko ujaribu, ndani ya dakika moja utajua.

Na koki yako ya mafuta ya tanki ni ya aina gani? Ya kuzungusha kawaida au ina kipaipu cha vakyumu kinachoenda kwenye manifoldi (njia kati ya kabureta na injini)?

tope_mpaka_magotini

Ina kipaipu cha vakyumu ndio. Ina ON, RES (akiba) na PRI, ile inayoshusha mafuta moja kwa moja bila kusubiri vakyumu.

Nimefungua skrubu ya bakuli, imetoka kidogo sana ikakata. Nikaweka koki kwenye PRI ikashuka vizuri mfululizo. Nikafunga skrubu, nikaacha bakuli lijae, nikapiga stata. HAIWAKI. Ila sasa plagi inatoka imelowa chapachapa na ile "pff" kwenye kabureta imeongezeka. Kipaipu cha vakyumu hakijapasuka nimekikagua.

jeti_ndogo

Basi koki imekufa, dayaframu ya ndani imetoboka au imekakamaa. Badili koki, kausha silinda (chomoa plagi, akseleta wazi mpaka mwisho, piga stata kidogo itoe mvuke, ukiwa umeishikisha plagi bodi) alafu rudisha plagi kavu itawaka.

mzee_wa_spana

Ngoja kwanza mwanangu wa jeti, mimi hapo sijaridhika. Koki inaweza kuwa mbovu sikatai, ila tumeshampa mafuta kwa PRI, cheche anayo, plagi imelowa, na bado haiwaki. Mafuta yapo, moto upo, kimebaki nini?

Rudini kwenye maelezo yake ya mwanzo, ameyasema mwenyewe. Stata inazunguka "haraka". Injini nzima ya silinda moja stata haiizungushi kwa raha, utaisikia inahema, inakaza pistoni ikipanda, inaachia, inakaza tena. Ikizunguka laini kama feni ujue hakuna kinachoizuia. Alafu "pff" kwenye kabureta, yaani hewa inarudi ilikotoka. Alafu asubuhi ngumu, ikipata moto inatembea freshi, alafu ikawa inawaka kwa kuvutwa tu, maana ikivutwa injini inazunguka haraka zaidi na hewa inakosa muda wa kutoroka.

Hiyo dalili yote ninaijua kwa jina moja, tapeti imebana, yaani nafasi kati ya roka (mkono unaosukuma vali) na mkia wa vali imeisha, na nadhani ni ile ya vali ya kuingizia. Vali haikai kwenye kiti chake vizuri, pistoni ikipanda mchanganyiko unasukumwa kurudi kwenye kabureta badala ya kubanwa.

Na hata koki yake naona inaingia humohumo. Koki ya vakyumu inafunguliwa na mvuto wa injini kwenye manifoldi. Vali ikiwa inarudisha hewa, mvuto unakuwa hafifu, koki haifunguki, plagi inabaki kavu. Kwaiyo huenda koki ni nzima kabisa na inamlalamikia mwenzake. Usinunue koki bado.

Azima geji ya kompresheni. Chomoa plagi, funga geji, choki isiwe imevutwa, akseleta VUTA MPAKA MWISHO na uishikilie, piga stata mpaka sindano iache kupanda. Watu wengi wanapima akseleta ikiwa imefungwa, injini inanyimwa hewa, geji inasoma chini wanaogopa bure.

volti_kumi_na_mbili

Mzee umenigusa pale kwenye sauti ya stata, nimeisoma nikaipita.

Niongeze tu, angalia kwenye manual ya ATV yako kama kemshafti ina dikompresa ya otomatiki, ile inayoachia vali kidogo wakati wa kupiga stata ili iwe rahisi kuzunguka. Zenye hiyo geji inasoma chini hata zikiwa nzima kwaiyo namba peke yake itakudanganya. Zisizo nayo, nyingi zinakaa kati ya 120 na 180 psi. Chini ya 90 hapo kuwaka ikiwa baridi ni kwa bahati.

tope_mpaka_magotini

Yangu haina dikompresa, nimeangalia.

Geji imesoma 55 psi. Nimerudia, ileile.

Sasa hii si pistoni na ringi zimeisha? Injini nzima ya kufungua?

mzee_wa_spana

Usikate tamaa mapema, 55 haijakuambia hewa inatokea wapi. Chukua mafuta ya injini kama kijiko cha chai, mimina kupitia tundu la plagi, zungusha injini kidogo yasambae, pima tena. Yale mafuta yanaziba kwa muda nafasi kati ya ringi na silinda. Geji ikipanda sana, ringi au silinda imeisha. Ikibaki palepale, ringi hazina kosa, ni vali, au gasketi ya hedi. Usimimine mengi, ukijaza chumba cha moto geji itapanda kwa sababu nafasi imepungua na utadanganyika.

Kama una kompresa ya hewa na kiunganishi kinachoingia kwenye tundu la plagi kuna njia nzuri zaidi. Weka pistoni juu kabisa vali zote zikiwa zimefunga, weka gia ya juu na mtu akanyage breki, ingiza hewa kidogokidogo alafu sikiliza. Ikilia kwenye kabureta ni vali ya kuingizia. Ikilia kwenye bomba la ekzosi ni vali ya ekzosi. Ikilia kwenye tundu la kujazia oili ni ringi. Hewa haina uongo.

dada_wa_magurudumu_manne

Samahani naingilia, kabla ya kumwaga oili kwenye silinda kwanini asijaribu ile spreyi ya kuwashia? Yangu ikigoma napuliza kidogo kwenye filta inawaka.

mzee_wa_spana

Dada yangu, ikiwa inatema hewa kwenye kabureta usipulize spreyi pale hata kidogo. Mwali ukirudi nyuma na mvuke ule umejaa kwenye boksi la filta una moto mikononi. Alafu haitibu kitu, inaficha ugonjwa tu. Na hiyo yako inayotaka spreyi kila ikilala, na yenyewe ipime tapeti, nasema kwa nia njema kabisa.

tope_mpaka_magotini

Wakuu leo nimepata nafasi. Kwa oili ya kijiko geji imetoka 55 ikaenda 60, basi. Sina kompresa ya hewa ila nadhani jibu limeshatoka, ringi sio.

Nataka niseti tapeti mwenyewe. Zangu ni za skrubu na nati, sio zile za visahani vya kubadilisha. Naomba mnielekeze taratibu, sijawahi. Manual inasema kuingizia 0.08 mm, ekzosi 0.10 mm, injini ikiwa baridi.

mzee_wa_spana

Vizuri sana kwamba umesoma namba kwenye manual yako, wengine wasichukue hizo wakafunge kwenye injini nyingine, kila injini na zake.

Injini iwe imelala usiku mzima, baridi kabisa. Ondoa plagi ili izunguke kirahisi. Fungua vifuniko vya tapeti, kimoja juu upande wa kabureta, kingine chini upande wa ekzosi. Upande wa magneti kuna vifuniko viwili vya duara, cha katikati unapitisha spana ya boksi kwenye nati ya krenki, cha juu ni dirisha la kuangalia alama. Zungusha krenki kuelekea injini inakozungukia, taratibu, huku unaangalia VALI YA KUINGIZIA. Itashuka, yaani inafunguka, alafu itapanda kufunga. Ikishapanda endelea kuzungusha mpaka alama ya T ikae sawa na mkato wa dirishani. Hapo ndo topu ya kompresheni.

Nasisitiza hili la kuangalia vali kwa sababu watu wanaambiwa "tikisa roka, zikicheza zote mbili uko topu sahihi". Kwenye injini yenye tapeti iliyobana roka haichezi popote pale, utazungusha mpaka uchoke. Na alama ya T inapita dirishani mara mbili katika mzunguko mmoja kamili wa kazi, mara moja kwenye kompresheni na mara moja kwenye ekzosi, ukiseti kwenye ile ya ekzosi utaharibu kabisa.

Ukiwa topu, ingiza fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.08 kati ya skrubu na kichwa cha vali. Nadhani haitaingia. Legeza nati, fungua skrubu kidogo, ingiza fila, kaza skrubu mpaka fila itembee kwa kukwaruza kidogo, sio kubanwa na sio kuteleza bure. Shikilia skrubu isizunguke huku unakaza nati, ALAFU PIMA TENA, maana nati ikikazwa skrubu inapenda kusogea nayo. Hapo ndo wengi wanaharibu. Fanya hivohivo ya ekzosi kwa 0.10. Ukimaliza zungusha krenki mizunguko miwili kamili kwa mkono urudi T, pima zote upya.

Alama ya T ukiwa juu yake angalia na alama ya gia ya kemshafti kama unaweza kuifikia, imekaa sawa? Taimingi cheni ikiruka jino na yenyewe inashusha kompresheni, tusije tukailaumu tapeti peke yake.

jeti_ndogo

Somo zuri hili mzee, koki nilivyosema ibadilishwe nilikuwa naangalia plagi tu. Ndugu mwenye ATV, ukirudisha kila kitu weka koki kwenye PRI kuwashia mara ya kwanza, ikishawaka rudisha ON uone kama inaendelea kula mafuta. Ikizima baada ya dakika chache ikiwa ON tu, basi koki nayo ina lake. Usiiache PRI ikiwa imesimama, sindano ya floti ikivuja hata kidogo petroli itaingia kwenye oili.

tope_mpaka_magotini

IMEWAKA!!! Wakuu imewaka!

Tapeti ya kuingizia ilikuwa haina nafasi kabisa, hata fila ya 0.03 iligoma. Ya ekzosi ilikuwa 0.07. Alama ya kemshafti iko sawa. Nimeseti zote kama mzee alivyoelekeza, nati ilinisumbua kweli ilihama mara ya kwanza nikarudia. Nikapima kompresheni kabla ya kurudisha plagi, 145 psi kutoka 55! Na stata sasa inasikika tofauti kabisa, inahema ile aliyosema mzee, kumbe ndo sauti yake inavyotakiwa kuwa.

Nimeweka PRI, choki nusu, imewaka bila kubembeleza. Nikarudisha ON, imetembea muda mrefu bila kuzima, kwaiyo koki ni nzima. CDI sijanunua, koki sijanunua. Asanteni sana sana, mzee wa spana Mungu akubariki.

Swali la mwisho, kwanini ilibana? Nilidhani tapeti zikichakaa zinalegea na kupiga kelele.

mzee_wa_spana

Hongera sana kijana, nimefurahi kweli.

Kinacholegea ni upande wa juu, roka na kemshafti vikilika nafasi inaongezeka, na utasikia kelele. Kinachobana ni upande wa chini, sura ya vali na kiti chake vikilika vali inazama juu ndani ya hedi, mkia wake unaisogelea roka, nafasi inapungua kimyakimya bila kelele yoyote. Ndo maana injini yenye tapeti iliyobana inasikika nzuri kabisa, mtu anasifia imetulia. Na vali isiyokaa vizuri kwenye kiti haipoi, maana joto lake linatoka kupitia palepale inapogusana na kiti, kwaiyo ikishaanza kuvuja inajiharibu haraka zaidi.

Vali ya kuingizia kulika mapema mara nyingi ni vumbi. Kagua filta yako leo, sponji iwe na oili yake, na uangalie mpira kati ya boksi la filta na kabureta kama haujapasuka au klipu haijalegea. Ukipaka grisi kidogo kwenye mdomo wa filta inapokalia, vumbi halipiti pembeni.

Sasa sikiliza, hujamaliza. Tembea nayo masaa kumi hivi ya injini kufanya kazi alafu upime tapeti tena ikiwa baridi. Ukikuta bado 0.08 au karibu, tulia, pima kwa ratiba ya manual. Ukikuta imebana tena, usilegeze ukaendelea, sura ya vali imeisha na ukiilazimisha inaweza kuvunjika kichwa kikaangukia pistoni. Hapo shusha hedi, vali mpya, kiti kichongwe, na mpira wa mkia wa vali ubadilishwe hukohuko.

tope_mpaka_magotini

Nimefungua boksi la filta. Mpira wa kwenda kwenye kabureta umepasuka upande wa chini, pale pasipoonekana, na vumbi limepita mpaka ndani. Sipandi tena mpaka nipate mpira mpya. Nikishapima tapeti baada ya hizo saa kumi nitaleta namba hapahapa.

dada_wa_magurudumu_manne

Mzee nimepima yangu baada ya maneno yako. Ya kuingizia 0.02. Naomba unisubiri, ya kwangu ni ya visahani sio skrubu, nakuja na maswali.